Mwili ni Amana: Muda wa Mazoezi Tutautoa Wapi?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tutazungumzia jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa ni la wanamichezo au la vijana wasiokuwa na majukumu, ilhali linamgusa kila baba, kila mama na kila mtoto katika nyumba zetu. Jambo hilo ni mazoezi ya viungo. Ukimwuliza mtu kwa nini hafanyi mazoezi, jawabu lake la kwanza ni kwamba hana muda. Alfajiri anawahi daladala, mchana yuko dukani au ofisini, usiku anarejea nyumbani amechoka, na kesho yake ni yale yale. Jawabu hili si la uongo, kwani riziki inatafutwa kwa taabu. Hata hivyo, tunapaswa kujiuliza kama litatutosha mbele ya Mola wetu.

Haki ya mwili

Katika hadithi iliyopokewa na Abu Barza (R.A.) na kunukuliwa na Imamu Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba Siku ya Kiyama mja hataondoka alipo mpaka aulizwe kuhusu umri wake, elimu yake, mali yake, na mwili wake aliuchakaza katika jambo gani. Kumbe mwili si milki yetu tuufanyie tutakavyo. Ni amana, na amana ina siku ya kurejeshwa na kukaguliwa.

Tuzingatie pia kisa cha Abdullah bin Amr (R.A.), ambacho kimo katika Sahihi ya Bukhari. Sahaba huyu alikuwa akifunga kila siku na kusimama kwa swala usiku kucha. Habari hizo zilipomfikia Mtume (S.A.W.) alimkataza, akamkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake, macho yake yana haki, na mkewe ana haki. Ndugu msomaji, tafakari vizuri. Ikiwa haki ya mwili haikuruhusiwa kupotea kwa sababu ya funga na kisimamo cha usiku, itapoteaje kwa sababu ya duka, ofisi na foleni za barabarani?

Imamu Muslim naye amepokea kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba Muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu kuliko Muumini dhaifu, ingawa kila mmoja wao ana kheri. Wanazuoni wameeleza kwamba nguvu inayokusudiwa kwanza ni ile ya imani na azma. Lakini azma hiyo ndiyo inayompeleka mtu kwenye Hija, kwenye kuwahudumia wazazi na kwenye kuhangaikia chumo la halali, na mambo yote hayo yanahitaji miguu inayobeba na moyo unaosukuma damu sawasawa. Katika Suratul Baqarah, aya ya 247, tunafahamishwa kwamba Talut alipoteuliwa kuwa mfalme wa Bani Israili alikuwa amezidishiwa mambo mawili, elimu na mwili. Na Ibnul Qayyim, mwanazuoni wa Damascus aliyefariki mwaka 1350, aliyaingiza mazoezi ya viungo katika maelezo yake kuhusu Tiba ya Mtume, akabainisha kwamba kila kiungo kina zoezi lake.

Hasara ya kuipuuza haki hii tunaiona kwa macho yetu. Kisukari na shinikizo la damu, ambayo zamani yalidhaniwa kuwa maradhi ya matajiri, leo yamebisha hodi katika nyumba za wenye nacho na wasio nacho. Baba anapopatwa na kiharusi hadhuriki peke yake. Duka hufungwa, ada ya shule hukosekana, na mara nyingi binti mmoja huacha masomo au kazi ili akae na mgonjwa. Kwa mujibu wa takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2022 watu wazima 31 katika kila 100 duniani hawakufikia kiwango cha harakati za mwili kinachohitajika kwa afya. Hatusemi kwamba kila maradhi yanatokana na kukaa, wala kwamba anayefanya mazoezi hataugua. Kadari ni ya Mwenyezi Mungu. Lakini kuchukua sababu ni katika mafundisho ya dini yetu.

Ajizi na uvivu

Miongoni mwa dua za Mtume (S.A.W.) zilizopokewa na Anas (R.A.) ni ile ya kujikinga kwa Allah na ajizi pamoja na uvivu. Wanazuoni wametofautisha mambo hayo mawili. Ajizi ni mtu kutoweza, na uvivu ni mtu kuweza lakini nafsi ikawa nzito. Kila mmoja wetu na ajipime yuko upande upi.

Yupo ambaye kweli hawezi. Anaondoka saa kumi za usiku, anarudi saa tatu za usiku, na njia yote amesimama ndani ya basi. Huyu asilaumiwe, bali asaidiwe kuipata njia nyepesi. Lakini yupo pia anayekaa barazani baada ya Isha kwa kahawa na kashata mpaka saa nne, au anayejilaza na simu mkononi mpaka usingizi umchukue, kisha anasema hana muda. Ibn Abbas (R.A.) amepokea hadithi, nayo imo katika Sahihi ya Bukhari, kwamba ziko neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara ndani yake: afya na wakati wa faragha. Tazama namna zilivyotajwa pamoja. Anayeupoteza wakati huweza kuipoteza na afya, na anayeipoteza afya hulazimika kuutumia wakati wake kwenye foleni za hospitali.

Ratiba tunayo tayari

Sasa tuje kwenye hesabu. Wiki moja ina saa 168, yaani dakika 10,080. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za harakati za wastani, kama kutembea kwa mwendo wa kasi, na walau siku mbili katika wiki afanye mazoezi ya kuimarisha misuli. Dakika 150 hazifiki hata mbili katika kila dakika mia moja tulizopewa. Tena mwongozo wa awali wa mwaka 2010 ulitaka harakati zidumu angalau dakika kumi mfululizo ndipo zihesabiwe, lakini mwongozo wa 2020 uliliondoa sharti hilo. Kwa hiyo dakika tano za asubuhi, tano za mchana na nane za jioni zote zinaingia katika hesabu.

Muislamu ana jambo ambalo wengine hulitafuta kwa shida: siku yake imekwisha kugawanywa kwa swala tano. Hahitaji kutunga ratiba mpya, bali ayafungamanishe mazoezi yake na nyakati hizo. Tuchukue mfano wa mtu ambaye msikiti wake uko mita 500 kutoka nyumbani. Kwa mwendo wa kilomita tano kwa saa, atatumia dakika 6 kwenda na dakika 6 kurudi. Akienda kwa miguu swala ya Alfajiri na ya Isha peke yake, amepata dakika 24 kwa siku, na kwa wiki nzima dakika 168. Amekivuka kiwango kile bila kulipia ukumbi wala kununua kifaa chochote, na juu ya hayo ana thawabu za jamaa.

Mwendo huu una mizizi katika Sunna. Ibn Umar (R.A.) ameeleza kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akienda msikiti wa Quba kila Jumamosi, kwa miguu au akiwa amepanda mnyama. Kutoka Msikiti wa Mtume hadi Quba ni zaidi ya kilomita tatu. Na watu wa Bani Salima walipotaka kuhamia karibu na msikiti, Mtume (S.A.W.) aliwaambia wabaki katika makazi yao, kwa kuwa nyayo zao zinaandikwa. Leo baadhi yetu tunapanda bodaboda kwa mwendo wa dakika saba, tukalipa nauli ili tuzikose nyayo zile.

Hapa pana mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, tumekatazwa kuikimbilia swala, tumeamrishwa kuiendea kwa utulivu. Basi tutoke mapema, twende kwa utulivu, na ule mwendo wa kasi tuuweke wakati wa kurudi, hata kwa kupita njia ndefu zaidi. La pili, wapo wanaosema kwamba rukuu na sijida zinatosha kuwa mazoezi. Swala ni ibada ya Mwenyezi Mungu na huswaliwa kwa ajili yake tu. Ina manufaa kwa viungo, lakini haikuwekwa ichukue nafasi ya mazoezi. Masahaba waliswali, na pia walitembea, wakapanda farasi, wakarusha mishale na kushindana mbio.

Ambaye msikiti wake uko mbali, au njia yake ya alfajiri haina usalama, ashuke kituo kimoja kabla ya chake na kumalizia kwa miguu. Fundi cherehani, dereva, karani na muuza duka wanaokaa kutwa wainuke kila adhana inaposikika, wajinyooshe, wapande ngazi badala ya lifti. Kwa misuli, kuchuchumaa na kuinuka mara kumi na tano, kusukuma ukuta, au kupiga pushapu chache kabla ya kuoga kunatosha kwa kuanzia.

Mama naye apate nafasi

Tunapozungumzia muda, tusimsahau mama wa nyumbani. Kupika, kufua na kubeba maji ni kazi za mwili, nazo zina hesabu yake. Lakini wapo akina mama wengi ambao siku nzima wako jikoni au nyuma ya meza ya biashara, na jioni ikifika watoto wamewaning'inia. Mama huyu hakukosa hima. Amekosa mtu wa kumpokea mzigo.

Bi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na ukifika wakati wa swala hutoka kwenda kuswali. Na Abu Dawud amepokea kutoka kwa Bi Aisha mwenyewe kwamba walishindana mbio wakiwa safarini, mara ya kwanza akamshinda Mtume (S.A.W.), na baadaye, alipokuwa amenenepa, Mtume akamshinda na kumwambia kuwa hii ni kwa ile ya mwanzo. Ni nani kati yetu, akina baba, anayeona haya kutembea na mkewe jioni kuliko alivyoona Mtume wa Mwenyezi Mungu?

Basi baba abaki na watoto nusu saa baada ya Alasiri siku tatu katika wiki, mama atoke na jirani zake kwa stara yake, au afanye mazoezi uani. Watoto nao wasinyimwe haki yao. WHO inashauri wenye umri wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za harakati kila siku. Baina ya shule, madrasa na televisheni, tuwaachie saa ya kukimbia na kucheza, mradi wasikose swala.

Kidogo kinachodumu

Mwezi Desemba 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais wa Tanzania, aliitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi. Ni wito mwema, lakini siku moja katika mwezi ni ya kukumbushana tu. Mwili hauimarishwi kwa siku moja, kama vile moyo hauhuishwi kwa usiku mmoja wa ibada. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Bi Aisha (R.A.) kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Wahenga nao wakasema haba na haba hujaza kibaba.

Kwa hiyo anayeanza asijitwishe saa nzima siku ya kwanza, akaumia na kuacha. Aanze na dakika kumi, na baada ya wiki mbili aongeze tano. Atafute mwenziwe, kwani wale wale wa barazani wanaweza kuhamisha mazungumzo yao yakawa ya kutembea, japo siku mbili kwa wiki. Mwenye kisukari, maradhi ya moyo, au umri mkubwa amwone daktari kabla ya kuanza, na anayehisi maumivu ya kifua asimame mara moja na kutafuta msaada. Katika mwezi wa Ramadhani, matembezi mepesi kabla ya kufuturu au baada ya Tarawehe yanatosha.

Na juu ya yote tusahihishe nia. Anayetembea ili asifiwe umbo lake atapata hilo tu. Anayetembea ili apate nguvu za kuswali akiwa amesimama, kuwalea wanawe na kutokuwa mzigo kwa jamaa zake, basi mwendo wake tunauhesabu kuwa ni ibada, Inshaallah. Ajizi ni nyumba ya njaa, walisema wazee wetu. Leo imekuwa nyumba ya maradhi pia. Ijumaa hii, anayeweza na aende msikitini kwa miguu, na amshike mwanawe mkono.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atukinge na ajizi na uvivu, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie tuirejeshe amana hii ya mwili tukiwa tumeitumia katika radhi zake. Amin.

Wabillahi tawfiq.