Fahamu: Nyongeza ya pensheni kwa wanajeshi wastaafu wa Uganda na wajane wao

Pensheni ni malipo ya kila mwezi ya mwanajeshi aliyestaafu. Isichanganywe na kiinua mgongo, fungu linalotolewa mara moja. Nchini Uganda malipo hayo yako chini ya Wizara ya Ulinzi, yenye makao makuu Mbuya, Divisheni ya Nakawa, Kampala.

Kwa nini iongezwe?

Ibara ya 254 ya Katiba ya 1995 inasema pensheni isitozwe kodi, na ipitiwe mara kwa mara kufuatana na mabadiliko ya thamani ya fedha. Hapo ndipo penye uzito. Pensheni hukokotolewa kwa mshahara wa mwisho. Koplo aliyestaafu zamani, mshahara ukiwa mdogo, hubaki nyuma huku unga, kodi ya nyumba na karo vikipanda. Bila nyongeza anazidi kufukarika, hata kama hela zinaingia benki kwa wakati.

Na mjane?

Hulipwa mafao ya warithi, ambayo huwa na kikomo cha miaka. Kwanza athibitishe ndoa na apate hati za usimamizi wa mirathi. Aliyeolewa kimila bila cheti huhangaika zaidi, na nyongeza haimfikii mpaka jina lake liingie kwenye orodha.