NAMBA YA UBAONI INATOKA WAPI, NA INAKUHUSU VIPI?

Kila Ijumaa ukipita kwenye ubao wa matangazo nje ya kituo cha afya, unakuta karatasi yenye jedwali. Upande mmoja yameandikwa majina ya vijiji vya kambi, upande wa pili idadi ya watu walioharisha wiki hiyo. Wapo wanaosoma, na wapo wanaosema, "Hizo ni karatasi za ofisini tu." Leo tuizungumzie karatasi hiyo, kwa sababu sabuni, dawa ya maji na wahamasishaji hupelekwa kwa kufuata namba zake.

BEI YA NDAGALA

Wewe uliyeishi Rumonge unalijua jambo hili. Mchuuzi anauliza bei ya ndagala ufukweni alfajiri, anaiandika kwenye karatasi, kisha anapanda nayo mlimani hadi Buyengero. Akifika sokoni, mitumbwi mingine imeshafika ufukweni kule chini na bei imeshuka. Karatasi yake haisemi uongo, ilikuwa kweli alfajiri. Lakini sasa inampotosha, na wateja wanampita. Mwenzake anayepiga simu ufukweni kabla ya kutaja bei hapati hasara hiyo.

Namba ya wagonjwa ni kama bei ya ndagala. Haikai mahali pamoja.

TUKUMBUKE KAGUNGA

Wengi wetu tuliotoka Rumonge, Nyanza-Lac na Makamba tulipitia Kagunga mwezi Mei 2015. Ni kijiji kidogo cha Tanzania karibu na mpaka, ziwa mbele na mlima nyuma. Maelfu kwa maelfu ya watu walilala ufukweni bila vyoo vya kutosha, wakinywa maji ya ziwa, huku wakisubiri meli ya Liemba iwapeleke Kigoma. Kipindupindu kikaingia. Kufikia tarehe 22 Mei, shirika la UNHCR lilitangaza vifo 31: wakimbizi 29 na Watanzania 2. Wagonjwa walikuwa wapatao 3,000, na kila siku walipatikana wapya kati ya 300 na 400.

Fikiria sasa: kama wapya ni 300 kwa siku, taarifa ya Jumatatu ina faida gani siku ya Alhamisi? Anayepanga vitanda na maji kwa namba ya Jumatatu ameshachelewa kwa watu 900.

KOSA LANGU

Namba hupita mikono mingi. Mhudumu wa afya ya jamii anaandika kwenye daftari anapopita nyumba kwa nyumba. Jioni daftari linaingizwa kwenye jedwali la Excel, lililowekwa katika hifadhi ya mtandaoni ambayo wahudumu wote wanaifikia. Kutoka kwenye jedwali hilo tunaandika taarifa kwa Word. Taarifa ndiyo inayobandikwa ubaoni na kupelekwa kwa watu wa maji.

Nitakueleza nilivyokosea. Wiki moja ya mvua niliandaa taarifa Jumatano. Nilisoma jedwali, nikachapa kwa mkono kwamba kijiji kimoja kina wagonjwa 2. Alhamisi wenzangu wakaingiza wengine, jedwali likasoma 9. Taarifa yangu ilibaki na 2, na ndiyo iliyobandikwa. Wiki iliyofuata mama mmoja wa kijiji hicho akaniambia, "Mwanangu, nilisoma ubaoni kuwa kuhara kumepungua, nikaacha kutia dawa kwenye maji." Mjukuu wake alikuwa amelazwa. Alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini sikuweza kumtazama yule mama usoni.

KUUNGANISHA BADALA YA KUNAKILI

Tangu hapo sichapi namba kwa mkono. Ninaunganisha taarifa na jedwali lenyewe. Vijana mnaojifunza kompyuta, fanyeni hivi:

1. Fungua jedwali la Excel, chagua sehemu yenye namba, nakili.
2. Nenda kwenye hati ya Word. Usibandike kama kawaida. Chagua "Paste Special", kisha "Paste Link". Sasa hati inajua namba imetoka faili gani.
3. Kabla ya kuchapisha, bofya ndani ya jedwali hilo kisha bonyeza kitufe cha F9 ili hati ikachukue namba mpya.

Anayetumia Google Docs na Google Sheets huulizwa anapobandika kama anataka kuunganisha. Jedwali likibadilika, kitufe cha "Update" hutokea. Usipokibofya, namba ya zamani inabaki.

KAMBA NA MTI

Kiungo ni kama kamba ya mtumbwi iliyofungwa kwenye mti ufukweni. Mtu akiung'oa mti usiku akaupanda kwingine, kamba inashika hewa. Vivyo hivyo, mtu akihamisha faili au akabadilisha jina la folda, kiungo kinakatika. Tena mara nyingi hati hubaki na namba yake ya mwisho, na anayeisoma hawezi kujua kuwa imepitwa. Kwa hiyo tumekubaliana mambo matatu:

- Faili la jedwali lina jina moja na mahali pamoja. Hakuna anayelihamisha bila kuwaambia wengine.
- Taarifa ikishachapishwa tunakata kiungo na kuihifadhi kwa tarehe yake. Tusipofanya hivyo, taarifa ya mwezi uliopita itabadilika tukiifungua leo, na hatutajua tulisema nini.
- Jedwali linalofikiwa na watu wengi halina jina la mgonjwa hata mmoja. Lina kijiji, umri na idadi tu.

WEWE UFANYE NINI?

Ndugu msomaji, kompyuta haijui kilichotokea nyumbani kwako. Inajua ulichomwambia mhudumu mlangoni. Ukimficha mgonjwa kwa kuogopa kwamba atatengwa, namba itakuwa ndogo, kijiji chako kitaonekana kizima, na dawa ya maji itapelekwa kwingine. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

- Mtu akianza kuharisha maji maji, mpe ORS mara moja na umpeleke kituo cha afya. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.
- Mhudumu akibisha hodi, mwambie wote waliougua, hata waliokwisha kupona.
- Ukisoma ubao, tazama kwanza tarehe. Namba isiyo na tarehe usiitegemee.
- Ukiona namba ya kijiji chako haifanani na unachokiona kwa macho, njoo utuambie. Hatutakasirika. Yule mama angekuja siku ile ile, ningeirekebisha kabla ya jua kuzama.
- Na hata ubao ukionyesha sifuri, endelea kutibu maji na kunawa mikono kwa sabuni.

Namba ya ubaoni ni yetu sote. Tuitunze.