Bakteria Wenye Njaa

Mnaujua mfuko wa karatasi wa saruji? Ule ulikuwa mti. Mahali kama Mgololo, wilayani Mufindi, misonobari hukatwa vipande, kisha huchemshwa kwa dawa kali mpaka nyuzi za mti ziachane na lignini, gundi inayozishikanisha. Maji yanayosuuza nyuzi hizo hutoka yakiwa ya kahawia, yamejaa sukari za mti na mabaki ya lignini. Yakimwagwa mtoni hivyo hivyo, bakteria wa mtoni watayavamia kwa ulafi na kuimaliza oksijeni. Samaki watakosa pumzi, wafe.

Kwa hiyo bakteria hulishwa kwanza bwawani, huku wakipuliziwa hewa. Edward Ardern na William Lockett walieleza njia hiyo mwaka 1914 huko Manchester, Uingereza, wakisafisha maji taka ya mji. Bakteria walioshiba hushikamana wakawa madonge ya tope na kuzama. Maji ya juu hutoka, sehemu ya tope hurudishwa bwawani likaendelee na kazi.

Tatizo la maji ya karatasi ni kwamba ni ugali usio na mboga: nguvu tele, lakini nitrojeni na fosforasi haba. Bakteria wakizikosa, wale wenye umbo la nyuzi ndefu hutawala na tope huvimba. Mtaalamu huchota lita 1 ya maji ya bwawa, akaimimina kwenye chombo cha kioo chenye mistari, akangoja dakika 30. Tope lenye afya hushuka na kuacha maji maangavu. Lenye njaa hubaki limetanda, halitaki kushuka.

Hapo huongezwa urea, mbolea ileile ya mahindi, na asidi ya fosforiki. Kwa kila kilo 100 za oksijeni ambayo bakteria wangehitaji ili kuumaliza uchafu, hukadiriwa kilo 5 za nitrojeni na 1 ya fosforasi. Lakini asiyepima maji yanayotoka atazidisha, na mbolea ya ziada itaotesha mwani mtoni. Huo nao ni uchafuzi.

Rangi ya kahawia ndiyo sugu, kwa sababu bakteria hawaiwezi vizuri lignini. Wanaoiweza ni kuvu fulani wanaoozesha magogo msituni mpaka yakawa meupe. Watafiti wamewajaribu katika maji ya viwanda. Kazi iliyobaki ni kuwafanya wadumu bwawani, maana bakteria huwahi chakula na kuwazidi nguvu.