Ziwa Kivu: Kimya Kingi Kina Mshindo Mkuu



Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, mlima wa volkano wa Nyiragongo, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasi ya Kongo, ulilipuka. Siku tano baadaye Gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini, Luteni Jenerali Constant Ndima, aliamuru sehemu kubwa ya mji wa Goma ihamwe. Mamia ya maelfu ya watu walishika njia, wengine wakielekea Sake, wengine wakivuka mpaka kuingia Rwanda. Wataalamu walikuwa wametambua kuwa uji wa moto umejipenyeza ardhini chini ya mji, na hata chini ya Ziwa Kivu. Hofu basi haikuwa ya mlima peke yake, bali ya ziwa pia.

Hofu hiyo ina chanzo chake. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos la nchini Kameruni lilitoa ghafla gesi ya kabonidayoksaidi iliyokuwa imejificha vilindini. Gesi hiyo, ambayo ni nzito kuliko hewa, ilitambaa mabondeni ikaua watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo yao. Ziwa Kivu ni kubwa mara nyingi kuliko Nyos. Vilindi vyake, vinavyokaribia mita 485, vina gesi ya kabonidayoksaidi inayokadiriwa kuwa kilometa za ujazo 300, na ya methani kilometa za ujazo 60. Watu wapatao milioni mbili wanaishi kandokando yake, Rwanda na Kongo.

Je, ni kitu gani kinachoizuia gesi hiyo isipande juu? Jibu lake lilianza kutafutwa mbali sana na Afrika, katika chombo kidogo cha maabara.

Mnamo mwaka 1900, mjini Paris, mwanafizikia Henri Bénard aliyeyusha nta ya nyangumi, akaitandaza iwe utando mwembamba, kisha akaipasha moto kwa chini. Joto lilipopita kiasi fulani, majimaji yale yalijigawa yenyewe katika vyumba vyenye pembe sita, mithili ya sega la nyuki. Katikati ya kila chumba majimaji yalipanda, na pembeni yakashuka. Bénard alifundisha Lyon, Bordeaux na hatimaye Paris, na hadi alipofariki mwaka 1939 aliendelea kuchunguza jinsi vitu vimiminika vinavyojipanga, pamoja na vizingia vinavyofuatana nyuma ya kizuizi kilichomo katika mkondo. Mwaka 1916 Lord Rayleigh wa Uingereza alionyesha kwa hesabu kuwa majimaji yanayopashwa moto kwa chini hutulia mpaka joto lifikie kikomo maalumu; yakikivuka, hupinduka. Katika miaka ya 1950 ilidhihirika kuwa vyumba vya Bénard mwenyewe vilisababishwa hasa na mvutano wa uso wa majimaji, lakini kanuni ya kikomo ilibaki imara.

Sasa turudi Kivu. Ziwa hili nalo hupashwa moto kwa chini, kwa chemchemi za maji ya moto na ya chumvi. Maji ya vilindini yana joto la karibu nyuzi 26, na yale yaliyo juu yake hupungua hadi nyuzi 23 hivi. Kwa joto peke yake, ziwa lingepinduka. Lakini maji ya chini yamejaa chumvi na kabonidayoksaidi, hivyo ni mazito. Joto linasukuma juu, uzito unavuta chini. Tena joto husambaa majini upesi kuliko chumvi, takriban mara mia moja. Matokeo yake ni umbo la ajabu: mamia ya matabaka membamba yaliyopangana kama ngazi, mengi yakiwa na unene usiofikia mita moja. Ndani ya kila tabaka maji huzunguka. Baina ya tabaka na tabaka husimama. Joto hupanda polepole ngazi kwa ngazi, na gesi hubaki kifungoni.

Ngazi hiyo ni ulinzi, na mlinzi hastahili kusumbuliwa ovyo. Tangu mwaka 2016 mtambo wa KivuWatt wa Rwanda huvuta maji ya vilindini, huyatoa methani na kuzalisha umeme wa megawati 26. Maji yaliyokwisha kutolewa gesi hurudishwa kwenye kina kilichochaguliwa kwa hesabu, maana yakirudishwa mahali pasipostahili yatavuruga matabaka. Gesi iliyopo bado haijafikia kiwango cha kufumka yenyewe. Hata tarehe 17 Januari 2002, uji wa moto wa Nyiragongo ulipopita katikati ya Goma na kuingia ziwani, matabaka ya chini hayakutikisika. Linalohofiwa ni msukosuko mkubwa zaidi, utokee vilindini kwenyewe.

Ndugu askari na polisi, siku ya maafa ninyi ndio mnaosimama barabarani na mipakani. Anayeelewa kuwa gesi hii hukaa mabondeni atawaongoza wananchi kwenye miinuko, na hatawarundika ufukweni. Wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Kazi ya vipimo vya wanasayansi ni kuusikia mshindo huo kabla haujatokea. Kazi ya vyombo vya ulinzi ni kuwa tayari kutii onyo mara linapotolewa.