Je, ua la shaba linajua liliko?

Kwenye vilima vya shaba vya Haut-Katanga, nchini Kongo, msitu wa miombo hukoma ghafla. Panabaki nyasi na mmea mdogo wa ukoo wa kivumbasi, Haumaniastrum katangense, maarufu kwa jina la ua la shaba. Huota hata juu ya mabaki ya tanuri za kale. Kuna wanaakiolojia waliozipata tanuri hizo kwa kulifuata ua tu.

Ukiuona mmea huo umestawi juu ya sumu inayoua mimea mingine, utashawishika kusema umepachagua. Maelezo ya wataalamu ni makavu zaidi: huenda shaba inaikinga mizizi yake dhidi ya kuvu wa udongoni. Mbegu huanguka popote. Zinazopona ni zilizoangukia penye shaba.

Lugha nayo hutuponza. Waswahili huuita mmea wa Mimosa pudica kifaurongo, kwa kuwa ukiguswa hujikunja kama uliokufa. Jina tayari limeubebesha nia ya kudanganya!

Mwaka 2014, Monica Gagliano wa Australia na wenzake walichapisha jaribio la kuangusha vyungu vya kifaurongo kutoka kimo cha sentimita 15, tena na tena. Mwanzoni majani yalijikunja, kisha yakaacha. Yalipotikiswa kwa namna nyingine yalijikunja tena, kwa hiyo uchovu peke yake hautoshi kuwa sababu. Baada ya siku 28, mmea ulikuwa bado hauogopi kuanguka. Neno hilo "kuogopa" ndilo linalogombaniwa.

Mwaka 2019 mwanabotania Lincoln Taiz na wenzake walijibu bila kumung'unya maneno: mimea haina fahamu, wala haiihitaji. Kwamba jani likitafunwa na kiwavi hutuma ishara za umeme na kalisi hadi majani ya mbali, hawakatai. Ila ishara si maumivu, na mmea hauna ubongo wa kuyahisi. Jaribio jingine la Gagliano, la njegere zilizodaiwa kujifunza kuhusisha upepo na mwanga, lilirudiwa na Kasey Markel, aliyechapisha mwaka 2020 kwamba hakupata matokeo yale.

Jinsi kipimo kinavyoweza kudanganya, watafiti wa Lubumbashi, huko huko Haut-Katanga, wanajua. Kwa miaka mingi mimea kadhaa ya Katanga ilisifiwa kwa kulimbikiza shaba nyingi ajabu majanini. Mwaka 2007 Michel-Pierre Faucon, Mylor Shutcha wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Pierre Meerts waliyaosha majani vizuri kabla ya kuyapima. Viwango vikashuka. Sehemu ya shaba ile ilikuwa vumbi.