Je, Mkono Mwepesi Ufunguliwe?

Wengi wetu tuchezao briji twajua kuhesabu pointi. Ree ni 4, mfalme 3, malkia 2 na ghulamu 1. Karata zote 52 zina pointi 40. Hesabu hii ilienezwa na Wamarekani Milton Work na, baada yake, Charles Goren. Mwenye pointi 13 hufungua mnada bila kusita. Taabu huja mtu apatapo 10 au 11 tu, na karata zake zimejikusanya katika aina mbili. Je, afungue au apite?

Kwanza yafaa kufahamu kwa nini umbo la mkono lina thamani. Ukiwa na karata 5 za aina moja, wenzio wakiishiwa na aina hiyo, hata karata yako ndogo hula. Tena aina uliyo nayo karata moja tu hukwisha upesi, na baada ya hapo waweza kukata kwa turufu. Pointi hazionyeshi mambo haya. Ndiyo maana Mmarekani mwingine, Marty Bergen, alieneza kanuni ya 20: jumlisha pointi zako na idadi ya karata za aina zako mbili zilizo ndefu zaidi, ikifika 20, fungua.

Kanuni hiyo ni nzuri, lakini haitoshi peke yake. Tazama mikono hii miwili:

Wa kwanza. Shupaza: ree, malkia, 10, 9, 5. Kopa: mfalme, malkia, 10, 8, 4. Uru: 7, 3. Pau: 6.

Wa pili. Shupaza: malkia, 9, 6, 4, 2. Kopa: ghulamu, 8, 6, 5, 3. Uru: mfalme, malkia. Pau: mfalme.

Kila mmoja una pointi 11, na kwa kanuni hiyo kila mmoja unapata 21. Hata hivyo, wa kwanza nadi shupaza 1. Wa pili pita. Katika ule wa kwanza karata kubwa zimo ndani ya aina ndefu, nazo huzisaidia ndogo zilizo pamoja nazo. Katika wa pili zimekaa katika aina fupi: mfalme wa pau aliye peke yake huliwa mara ree itokapo, na shupaza na kopa zako hazina nguvu.

Jambo kubwa hapa ni mwenzio. Ukifungua, yeye hukuamini. Akiwa na pointi 13 atapanda mpaka shupaza 4, yaani kuahidi kula mizunguko 10 kati ya 13. Au wapinzani wakinadi, huenda akawatoza maradufu akitumaini kwamba unayo mizunguko miwili ya kuwazuia. Mkono wa kwanza unaweza kuitimiza ahadi hiyo. Wa pili utamwacha mwenzio peke yake.

Pia angalia zamu yako. Ukiwa wa tatu, na wawili waliotangulia wamepita, waweza kufungua kwa wepesi zaidi, kwani mwenzio amekwisha kuonyesha kuwa mkono wake si wa kufungua, naye hatapanda ovyo.

Basi kabla karata hazijagawanywa, patana na mwenzio: mtafungua kwa wepesi kiasi gani? Mkisha patana, lishikeni neno hilo mchezo mzima.