Kipimo sahihi ni haki ya mkulima wa Uluguru

GUNIA la karoti linaloshushwa Morogoro Mjini likitokea Nyandira, Mgeta, mara nyingi huwa refu kupita kiasi. Mdomo wake umeongezewa kipande cha neti, kikajazwa hadi kikavimba, kisha kikashonwa kwa kamba. Hiyo ndiyo lumbesa, na mnunuzi analihesabu kuwa gunia moja.

Tuseme gunia la kilo 100 linauzwa Sh60,000. Hapo kilo moja ni Sh600. Likishindiliwa hadi kilo 120 kwa bei ileile, kilo inashuka hadi Sh500, na mkulima aliyelima kwenye miteremko ya Uluguru amegawa kilo 20 bure.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, umesisitiza mara kwa mara kwamba mazao yauzwe kwa mizani na gunia lisizidi kilo 100. Lakini pale ushuru na nauli ya mzigo vinapotozwa kwa gunia, anayeshindilia zaidi ndiye anayefaidika, na lumbesa inaendelea.

Mlaji naye hajasalimika. Kisado kilichobonyezwa kitako hupunguza maharage bila mtu kuona. Hata mizani inaweza kudanganya bila kuyumba. Ikizidisha gramu 50 katika kila kilo, itatoa jibu lilelile asubuhi na jioni, nawe ukinunua kilo 20 za mchele utapata kama 19. Mizani isiyobadilika si lazima iwe sahihi. Usahihi wake hujulikana kwa kuilinganisha na jiwe la uzito lililohakikiwa.

Duniani jambo hili halichukuliwi kwa wepesi. Mei 20, 2019, kilo iliacha kutegemea kipande cha metali kilichohifadhiwa karibu na Paris, ikafungwa kwenye thamani ya kifizikia isiyobadilika. Wanasayansi walikuwa wakihangaikia tofauti ya mikrogramu, wakati wakulima wetu wanapoteza kilo nzima nzima.

Ushuru utozwe kwa kilo, na kila kituo cha kununulia mazao kiwe na mizani iliyohakikiwa. Nawe msomaji, ukifika Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro au genge la mtaani kwako, hakikisha mshale uko kwenye sufuri kabla bidhaa haijawekwa, na uitafute stika ya Wakala wa Vipimo. Usipoiona, uliza. Ni haki yako.